Dafne Hakuulizwa

Villa ya Kontesa, karibu na Budrio
4 Agosti 1686

Dada yangu Laudomia,

Najua huko unaitwa Sista Maria Petronila, lakini mkono wangu haujazoea, na baada ya miaka kumi na moja nadhani hautazoea tena.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima wa viungo vyote isipokuwa pua. Wiki iliyopita walizamisha katani kwenye madimbwi ili itoe nyuzi, sasa inaoza vizuri kabisa, na madimbwi yenyewe yako nyuma tu ya bustani tunapofanyia mazoezi ya opera. Mabinti wa msituni wanaingia wakicheza huku wamejiziba pua kwa shela. Padre Gaspare, aliyetunga muziki, anapiga kelele kwenye kinanda: "Ni asubuhi yenye manukato, enyi wasichana! Manukato!" Shikamoo, Mama Mkuu. Najua unasoma hii kabla ya dada yangu, unisamehe habari za uvundo.

Sasa sikia. Mimi ndiye Dafne! Kontesa Fulvia huandaa opera ya wachunga kondoo kila mwaka wakati wa kuvuna zabibu, na mwaka huu ni kisa cha Dafne, yule binti aliyekimbizwa na mungu Apolo porini. Alipochoka alimlilia baba yake, mungu wa mto, naye akamgeuza mti wa loreli ili asishikwe. Padre Gaspare alinisikia nikiimba kanisani kwetu siku ya Pentekoste, akamtuma mtu kwa Baba.

Unajua Kontesa ana desturi yake. Kila mwaka humtolea msichana mmoja asiye na kitu mahari ya kuingia nayo kwa mume, yule aliyempendeza zaidi kwenye mchezo. Mwaka jana alikuwa binti wa fundi viatu ambaye, wanasema, alicheza kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Leo ana mume Ferrara. Dada, nahitaji mahari ile. Baba amesema kabla ya siku ya Mtakatifu Martino, Novemba, watu wanapopakia vitanda kwenye mikokoteni kuhama nyumba, na mimi lazima niwe nimehama, ama kwa mume ama utawani. Mahari ya kunipeleka nayo kwa mume hana. Ya utawani ni ndogo, hiyo atajikamua.

Usinielewe vibaya. Wewe una furaha huko, barua zako zote zinanukia machungwa na biskuti. Wewe ulipewa wito. Mimi nikikumbuka tu ule wavu wa chuma kwenye chumba chenu cha wageni, naenda kufungua madirisha yote.

Na yuko Annibale. Anapiga ule udi mkubwa wenye shingo ndefu kuliko yeye mwenyewe. Anasema Venezia wanawake wanaimba jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio, na kwamba akipata mke mwenye mahari hata kidogo, atahamia huko. Hajasema mke gani. Aliniangalia tu, halafu akaanza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Mdogo wako,
Ersilia


Monasteri ya Mtakatifu Onorata, Bologna
12 Agosti 1686

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imefika. Mama Mkuu alicheka habari za katani mpaka akafuta macho, akanisomea mwenyewe kwa sauti, halafu akanikabidhi.

Sisi hatujambo. Machungwa ya uani ni makubwa mwaka huu. Nakutumia biskuti za mlozi kwa mkono wa mama muuza unga, zile ngumu unazopenda kuchovya. Huku tuna huzuni moja. Sista Diamante, aliyekuwa akituimbia sauti ya juu, alifariki baada ya Pasaka, na tangu hapo kwaya yetu ni kama nyumba iliyoezuliwa. Mama Mkuu hulia kila Jumapili. Zamani watu wa mjini walikuwa wakijaa kanisani kutusikia nyuma ya ukuta, sasa wanakuja vikongwe wachache na mbwa wao.

Ameniuliza sauti yako inafika wapi. Nimemwambia sijui, maana nilipoondoka nyumbani ulikuwa na miaka sita. Kwa hiyo usijisumbue kutuandikia habari za muziki, mdogo wangu. Tuandikie habari za Baba na goti lake, habari za bustani, na bei ya mayai huko. Hayo ndiyo tunayoyapenda.

Dada yako,
Sista Maria Petronila


Villa ya Kontesa
19 Agosti 1686

Dada Laudomia,

Goti la Baba bado bovu. Bustani ipo. Mayai yako vilevile. Haya, nimemaliza, sasa niache niandike ya maana!

Kuna vita hapa. Padre Gaspare anataka Dafne atoke kwenye mti mwishoni. Ndiyo desturi, anasema. Mwenye karamu hawezi kuwarudisha wageni nyumbani wanalia. Kwa hiyo Apolo amlilie Jupita, mfalme wa miungu, Jupita ashuke kwa kamba juu ya wingu lake la turubai, mti ufunguke, waoane, wote wacheze, tukale. Mimi nimekataa. Nimemwambia, "Padre, msichana amekimbia mchezo mzima asiolewe na mtu huyo, sasa unamtoa kwenye mti ili umwoze?" Akasema, "Mwanangu, hii ni opera, si mahakama."

Lakini ukweli, dada, ni kwamba wimbo wa mti ndio ulio bora kuliko yote. Ninasimama ndani ya gome, limetengenezwa kwa karatasi na gundi, na kwa nyuma wananifunga kamba taratibu, kwanza miguu, halafu kiuno, halafu kifua. Kila kamba ikikazwa naimba "hapana". La kwanza chini, la pili katikati, na la mwisho, gome linapofika kooni, liko juu kabisa, mahali ambapo Padre Gaspare mwenyewe aliandika alama ya kuuliza kwa sababu hakuamini kuna atakayefika. Nimefika! Nililishika neno lile mpaka Annibale akasahau kupiga. Tukitumia mwisho wa harusi, wimbo huo unakatwa nusu.

Mwambie Mama Mkuu: sauti yangu inafika pale kwenye alama ya kuuliza, na inabaki hapo.

Ersilia wako


Monasteri ya Mtakatifu Onorata
27 Agosti 1686

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa upendo wa dada mkubwa, kwa hiyo usikasirike.

Nakumbuka sauti yako nyumbani. Ilikuwa nyembamba, ikitokea puani, na hali ya hewa ikiwa na unyevu ilishuka kabisa. Marehemu Mama alikuwa akifunga dirisha majirani wasisikie. Watu wa villa wana adabu, na Padre Gaspare ni mzee mwenye huruma, hawatakuambia. Mimi nakuambia. Nimemweleza Mama Mkuu hivyohivyo, kwamba hakuna cha kuulizia, ni sauti ya kawaida ya msichana wa shamba.

Nakushauri ukubali mwisho wa harusi. Imba kidogo, cheza vizuri, cheka. Kontesa anapenda wasichana wanaocheka. Yule wa mwaka jana hakuwa na sauti, akapata mume. Na ile noti ya juu iache kabisa, itakuumiza kifua.

Nisikilize mara hii moja, Ersilia.

Sista Maria Petronila


Villa ya Kontesa
2 Septemba 1686

Kwa Sista Maria Petronila,

Nilikuwa na miaka sita! Nani hana kamasi akiwa na miaka sita?

Nimelia siku mbili. Annibale aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na dada. Watu wote wangeniambia maneno yale, hata Baba, ningemeza. Lakini wewe, niliyekuwa nakusubiri dirishani ulipopelekwa huko, mpaka Mama akaniambia hurudi tena! Nimejiuliza nimekukosea nini. Nimepata jibu moja tu, nalo ni chungu. Unaona kijicho. Wewe umefunga mlango, mimi wangu uko wazi, na huwezi kuvumilia kunitazama nikipita.

Sawa. Nimewashinda, mwisho utakuwa wa mti. Kontesa mwenyewe alikuja mazoezini, akasikiliza, akasema, "Muacheni binti abaki mti." Sijui kwa nini alisema hivyo, lakini alisema.

Na wewe Mama Mkuu, kama uko hapa: dada yangu amekudanganya. Mwulize Kontesa. Mwulize Padre Gaspare. Sauti yangu haina ugonjwa wowote.

Ersilia


Monasteri ya Mtakatifu Onorata
8 Septemba 1686

Kwa Mheshimiwa Kontesa Fulvia Malpelli, amani ya Bwana iwe nawe.

Bibi mwema, nakuandikia kwa jambo la faida ya roho moja na furaha ya roho nyingi. Tuna mtawa hapa, Sista Maria Petronila, ambaye mdogo wake anaimba kwako. Kwa mujibu wa kanuni yetu nasoma barua zote zinazoingia na kutoka. Sista amekuwa akiniambia kwamba mdogo wake hana sauti. Nilimuuliza tena, akatazama sakafu. Nimeishi na wanawake hamsini kwa miaka mingi, bibi, na najua mtu anapoficha kitu kizuri. Anaficha kwa sababu anajua thamani yake.

Nyumba yetu iko tayari kumpokea binti huyo bila mahari hata kidogo, kwa ajili ya sauti yake tu. Baba yake ni mtu wa hali ya chini na goti lake ni bovu, atashukuru. Nami, kabla sijafa, ningesikia tena sauti ya juu kwenye kwaya yangu.

Ukiona Roho anakuongoza, muulize mbele ya wageni. Neno lililosemwa mbele ya watu humsaidia msichana asiyumbe baadaye. Dada yake nimemzuia kuandika mpaka sherehe yako ipite, asije akamvunja moyo.

Anayekuombea daima,
Mama Mkuu Maria Vittoria


Villa ya Kontesa
23 Septemba 1686

Dada,

Hukuniandikia, nami niliustahili ukimya huo. Nisamehe barua ile. Nina shida, na sina mwingine wa kumwambia.

Tulicheza juzi. Mishumaa ilikuwa mingi mpaka nondo wote wa Budrio walikuja. Apolo alijikwaa kwenye kondoo wa mbao, watu wakacheka, nikaogopa kwamba wataendelea kucheka hadi mwisho. Halafu wakaanza kunifunga kamba. Kwenye "hapana" ya tatu hapakuwa na mtu anayekohoa. Niliishika mpaka nikahisi gome lote linatetemeka. Niliona Kontesa ameziba uso kwa leso. Nikajisemea nikiwa ndani ya mti, nimepata. Nimepata mahari yangu.

Mezani alinisimamisha mbele ya wageni wote. Akasema Dafne ni roho safi inayoukimbia ulimwengu, na mti ule ni nyumba ya Mungu, ambako hakuna wa kumgusa tena. Akasema hajawahi kulielewa jambo hilo mpaka aliponisikia nikisema hapana kwa wanaume wote wa dunia. Dada, nilikuwa nasema hapana kwa Apolo tu! Na Apolo mwenyewe ni Bwana Prospero, ana watoto watano!

Halafu akaniuliza, kwa upole sana, "Ungependa kuwa karibu na dada yako?"

Nilidhani atanipeleka kukutembelea. Nilikuwa nimejaa majuto kwa maneno niliyokuandikia. Nikasema, "Ndiyo, kwa moyo wangu wote."

Wakasimama wote, wakapiga makofi. Baba aliletwa kutoka nyuma akibusu mikono ya Kontesa. Alikuwa akilia, na ni mara yangu ya kwanza kumwona akilia kwa furaha. Ndipo nikaelewa nilichosema. Naingizwa utawani kwenu, bila mahari, kwa ajili ya sauti. Kontesa atalipia karamu na shela. Nilimtafuta Annibale kwa macho. Alikuwa akiuvalisha udi wake mfuko, taratibu, kama anayemvisha mtoto nguo, na hakunitazama. Asubuhi yake aliondoka na wapigaji wengine.

Sasa nisikilize. Tarehe kumi mwezi ujao atakuja Vikari, mwakilishi wa askofu, kuniuliza faraghani kama naingia kwa hiari yangu. Ndiyo sheria. Nikisema hapana, hawawezi kunichukua. Baba ataaibika mbele ya wilaya nzima, Kontesa atanichukia, na sijui nitalala wapi baada ya Martino. Lakini hawawezi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na jibu lako ndilo nitakalofuata. Una furaha huko? Miaka yote hii, machungwa na biskuti, ni kweli? Ukiniambia ni kweli, nitakuja, tutakaa pamoja, na nitajifunza kuipenda nyumba hiyo kama wewe. Ukiniambia si kweli, nitasema hapana hata wanifukuze. Niambie neno moja tu.

Ersilia


Monasteri ya Mtakatifu Onorata
3 Oktoba 1686

Mdogo wangu Ersilia,

Mama Mkuu amekaa hapa kando yangu ninapoandika, ili tukujibu vizuri.

Sina kinyongo na barua yako ya mwanzo wa Septemba. Hakukuwa na kitu cha kusamehe.

Umeniuliza kama nina furaha. Mungu ni mwema kwa wote waliomo humu. Michungwa imezaa, kama nilivyokueleza, na matawi mawili yamevunjika kwa uzito. Chumba changu kinatazama uani. Wakati wa baridi tunapewa makaa. Masista wote wanakusubiri kwa hamu, na Mama Mkuu amekwisha kukuchagulia kiti kwenye kwaya, kiti cha marehemu Sista Diamante.

Kuhusu Vikari, sikiliza vizuri. Dafne hakuulizwa. Alikimbia, akalia, baba yake akamfanya mti bila kumuuliza neno. Wewe utaulizwa. Ni neema kubwa, na haichukui muda mrefu. Usimtazame Baba. Usifikirie goti lake wala Kontesa. Vikari akikuuliza,

(Hapa mistari miwili imefunikwa na wino.)

Nakukumbatia. Nilikukumbatia mara ya mwisho ukiwa na pengo la meno mawili.

Dada yako,
Sista Maria Petronila


Budrio, nyumbani
11 Oktoba 1686

Dada yangu,

Bado unamwaga wino! Nilicheka nilipoona lile doa, peke yangu jikoni, kicheko changu cha kwanza tangu siku ile. Nikakumbuka Mama alivyokuwa akikufokea kwa kuharibu vitambaa vya meza.

Niliisoma barua yako mpaka ikaanza kupasuka kwenye mikunjo. Nilitafuta ndani yake neno "sina furaha" na sikulipata. Kama ungekuwa na taabu ungeniambia, kwa jinsi nilivyokuomba. Nililoliona ni machungwa, na makaa, na kwamba mimi nimepewa neema ambayo Dafne hakupewa, ya kuulizwa. Ya chini ya wino nilijazia mwenyewe. Nilidhani umeandika nijibu wazi, bila kuogopa, kwa sauti ile niliyoimbia.

Vikari ni mzee mwenye mafua. Alinikalisha kwenye kiti cha Mama. Akauliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nilijua Baba yuko nyuma ya mlango, nilisikia goti lake likilia kila alipohamisha mguu. Sikumtazama, kama ulivyonielekeza. Nikasema, "Hakuna aliyenilazimisha." Akauliza kama nataka. Nikafikiria Annibale, ambaye hajaleta hata salamu. Halafu nikakufikiria wewe kwenye dirisha la uani.

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti nzuri, dada. Vikari aliinua kichwa.

Nitaingia siku ya Mtakatifu Martino. Nitapita Bologna nimevaa kama bibi harusi katikati ya mikokoteni ya watu wanaohama na magodoro yao, nami nitakuwa nimehama kama wao. Usiku nalia, sitakuficha. Asubuhi najiambia, Laudomia yuko huko. Hii ni barua yangu ya mwisho kwako, kwa kuwa baada ya hapo tutanong'onezana tu.

Ersilia


Monasteri ya Mtakatifu Onorata
10 Novemba 1686

Ersilia,

Barua hii Mama Mkuu hataisoma. Naiandika nyuma ya karatasi ya kufungia biskuti, nikiwa ndani ya ghala la unga. Mama muuza unga nilimwomba akuletee, akakataa. Anaogopa kupoteza wateja wake, na simlaumu.

Mara ya kwanza uliyoniandikia habari za sauti yako, nilijua watakutaka kwa ajili ya kwaya. Mama Mkuu alisoma huku kidole chake kikifuata mstari, akaurudia, akanitazama. Ndiyo maana nilikuambia una sauti ya puani. Una sauti ambayo nilikuwa nikiisikia hata ulipokuwa na miaka sita, ukiwaimbia kuku, na Mama alikuwa akifungua dirisha, siyo kulifunga. Nilitaka uimbe vibaya. Nilitaka uchague harusi, ucheke, upate mwanaume wako wa udi, uende Venezia. Kumbe kadiri nilivyokutukana ndivyo ulivyozidi kujisifu, na kila sifa ilipita mezani kwa Mama Mkuu.

Chini ya wino niliandika hivi: "Vikari akikuuliza, mjibu kama ulivyojibu ndani ya mti. Neno lile lile, mara tatu." Mama Mkuu alisoma akichungulia juu ya bega langu. Hakunifokea. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaudondosha wino juu ya mistari ile kama kwa bahati mbaya, akaniambia, "Endelea, mwanangu, mwambie unamkumbatia."

Sina furaha, Ersilia. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Ule mti wa machungwa uko uani kweli, lakini ni mmoja, na matunda yake ni machachu, hatuyali. Nilikuandikia machungwa kwa sababu hayo ndiyo yaliyoruhusiwa kutoka. Nilidhani siku moja utakua na utajiuliza ni mtu gani huyu ambaye kwa miaka kumi na moja hana habari nyingine ila machungwa.

Lipo lingine. Wiki hii imekuja amri kutoka juu. Watawa wa mji huu hawataimba tena kwa sauti nyingi, wala kwa vinanda, wala sauti ya peke yake. Sala tu, kwa noti moja, wote kwa pamoja. Kinanda cha kanisani kimefungwa na ufunguo umechukuliwa. Mama Mkuu amelala kitandani siku tatu akitazama ukuta. Nilimwendea, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, sasa humhitaji tena, mwandikie asije." Akasema Kontesa amekwisha kulipia karamu, baba ameshukuru, na msichana mwenyewe amesema ndiyo mbele ya Vikari. Akasema, "Wa kumrudisha ni nani sasa?" Alikuwa akilia. Nadhani ana masikitiko ya kweli, na hayatusaidii kitu.

Baada ya mwaka watakuuliza tena, kabla ya nadhiri. Utajipa moyo kwa hilo. Nami nilijipa moyo hivyohivyo. Lakini nilipoulizwa, Baba alikuwa amekwisha kumpangisha mtu chumba changu, nywele zangu zilikuwa fupi kama za mvulana, na sikumfahamu mtu hata mmoja nje ya lango ambaye angenifungulia mlango. Humu sijaona hata mmoja aliyeulizwa mara ya pili akaondoka.

Kesho utaingia. Nitakuwa wa pili kwenye mstari, kulia kwako, nimeshika sinia la kupokelea nywele zako, wamenipa mimi kwa kuwa ni damu yako. Utafurahi kuniona. Utanikimbilia. Nitalishika sinia kwa mikono miwili ili nisikukumbatie, kwa sababu nikikukumbatia nitapiga kelele.

Karatasi hii nimeishonea ndani ya mkono wa kanzu yangu. Nitakupa baada ya lango kufungwa, tutakapobaki sisi wenyewe, kwa maana barua za kutoka chumba hadi chumba humu ndani hazisomwi na mtu. Ndiyo barua pekee ya kweli niliyowahi kukuandikia, na ningeweza kukufikishia kwa njia moja tu, nayo ni wewe kuja.

Laudomia